Tumekimbia pamoja miaka miwili, sasa nampenda: nimwambie?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni dada wa miaka 30, naishi Kinondoni, Dar es Salaam. Miaka miwili iliyopita nilijiunga na kundi la joging la mtaani kwetu ili nipunguze uzito. Humo nikakutana na kaka mmoja, na kwa kuwa mwendo wetu unalingana, tukawa tunakimbia sambamba kila Jumamosi alfajiri, tunapita Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite na kurudi. Hatukuwa na lolote zaidi ya urafiki. Ana mtoto wa miaka 6 anayelelewa na bibi, yaani mama mzazi wa huyo kaka. Na mama wa mtoto waliachana zamani. Miezi ya karibuni nimejikuta naisubiri Jumamosi kuliko siku zote. Goti liliponiuma aliliacha kundi liende, akatembea nami hadi mlangoni kwetu. Wenzetu wameanza kututania kwenye kundi la WhatsApp. Yeye hajasema kitu. Amenizoea nikiwa nimelowa jasho na nywele hovyo, sidhani hata kama ananiona kama mwanamke. Sasa tumejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, Moshi, mwezi wa pili. Mshauri, haya ni mapenzi au ni mazoea tu? Na kama ni mapenzi, mimi mwanamke ndiye nianze kumwambia? Naogopa nikikosea nitampoteza rafiki, na kundi nitashindwa kurudi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe ili usilitafute katikati ya maneno mengi: ndiyo, hayo yanaweza kuwa mapenzi ya kweli, na ndiyo, mwambie. Ila usimwambie wiki hii, na usimwambie mkiwa mnahema. Kuna kazi ya kufanya kabla ya hapo, si kubwa, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu wengi wanaoniletea jambo kama lako huiruka.

Umeyaweka mapenzi upande mmoja na mazoea upande wa pili, kana kwamba moja likiwepo jingine halipo. Nakuelewa. Tumekua tukisimuliwa habari za watu waliotazamana mara moja, mioyo ikalipuka, basi. Kwa hiyo mtu akiona hisia zake zimekuja polepole, Jumamosi baada ya Jumamosi, anazishuku. Anasema labda nimemzoea tu. Mimi nakwambia mazoea ndiyo njia ambayo watu wengi sana wamefikia mapenzi, na hilo limepimwa.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria nchini Kanada, wakiongozwa na Danu Anthony Stinson, walikusanya majibu ya karibu watu 1,900 wa Kanada na Marekani kuhusu jinsi uhusiano wao ulivyoanza. Thuluthi mbili hivi walisema walianza kama marafiki. Kwa wanafunzi wa chuo waliokuwamo, urafiki huo ulidumu wastani wa karibu miezi 22 kabla ya kugeuka. Wewe una miaka miwili, yaani miezi 24. Na wengi wa wanafunzi hao walisema hakuna kati yao wawili aliyeingia kwenye urafiki huo akiwa na nia ya mapenzi. Najua huko hakuna posa wala mshenga, na maisha yao si yetu. Lakini ninayoyasikia kutoka kwa wanandoa wanaokuja kuzungumza nami hapa nyumbani hayako mbali na hayo. Wamekutana kwenye kwaya, kwenye vikoba, kwenye timu ya netiboli ya ofisini, kwenye darasa la Kiarabu la jioni. Ukimuuliza mmoja wao ni siku gani hasa alianza kupenda, anamgeukia mwenzake amsaidie, na mwenzake naye hajui.

Hofu yako ya jasho na nywele tuimalize kabla hatujaendelea. Mwaka 2015, Lucy Hunt na wenzake huko Marekani walichunguza wenzi 167, wengine wakiwa wachumba na wengine wanandoa. Walioanza mapenzi mara tu baada ya kufahamiana walikuwa wanalingana sana kwa sura: mzuri kwa mzuri. Waliofahamiana muda mrefu kwanza, hasa waliokuwa marafiki, ulinganifu huo ulipungua sana. Maana yake ni kwamba muda unampa mtu nafasi ya kuona mambo mengine: unavyocheka, unavyomjibu muuza maji, unavyovumilia kilomita ya mwisho. Huyo kaka amekuona saa kumi na moja na nusu alfajiri bila wanja, macho yamevimba kwa usingizi, na bado kila Jumamosi anakuja kusimama upande wako. Sioni sababu ya kuamini kwamba hajakuona.

Sasa tuje kwenye mbio zenyewe, kwa sababu mbio si sawa na kukutana dukani. Ukiwa kwenye kundi la joging unajua jinsi inavyokuwa: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na baada ya dakika chache miguu yote inapiga lami kwa mpigo mmoja. Hiyo mchakamchaka tuliyofundishwa tangu shule ya msingi ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford waliwachukua wapiga makasia wa chuo chao, wakawafanyisha mazoezi kwa mashine, siku nyingine mmoja mmoja, siku nyingine kwa pamoja kwa mpigo mmoja. Kila baada ya zoezi walimfunga mtu mkononi kile kitambaa cha kupimia presha na kukijaza hewa taratibu hadi aseme imetosha. Walipokuwa wamefanya zoezi pamoja, walistahimili maumivu zaidi kuliko walipofanya peke yao, ingawa kazi ya mwili ilikuwa ileile. Maelezo ya watafiti ni kwamba kwenda kwa mpigo mmoja huongeza endofini, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu na kuleta raha, na zinazotufanya tujisikie tuko karibu na wenzetu.

Ongeza saa mlizokaa pamoja. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba inachukua saa 50 hivi watu wasiojuana kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 kuwa marafiki wa karibu. Jumamosi zenu za miaka miwili, ukiweka na muda wa kukaa baadaye pale Coco Beach mkila mihogo na kachumbari, hakika zimeifikia hiyo 200. Na saa za mbio zina jambo moja ambalo saa za mezani hazina: mnatazama mbele, si usoni. Watu husema mambo mazito kirahisi zaidi wakiwa ubavu kwa ubavu. Nitashangaa kama hakuwahi kukusimulia habari za mama wa mtoto wake mkiwa juu ya daraja, upepo wa bahari ukipiga, wewe ukiitikia kwa pumzi mojamoja.

Kwa hiyo ukaribu mlio nao una chanzo, na chanzo chake ni kizuri. Hapo ndipo ninapotaka uwe mwangalifu.

Mwaka 1981 watafiti watatu wa Marekani, Gregory White na wenzake, walifanya jaribio linalokuhusu moja kwa moja. Waliwaambia vijana wa kiume wakimbie papo hapo, baadhi yao kwa dakika 2, wengine kwa sekunde 15 tu. Kisha wakawaonyesha video ya msichana na kuwauliza wanavutiwa naye kiasi gani. Aliyekuwa amekimbia dakika 2 moyo ulikuwa bado unamdunda, na bila kujua aliuhesabu mdundo huo kuwa ni wa msichana. Akimwona msichana aliyerembwa alivutiwa naye kuliko walivyovutiwa wale wa sekunde 15. Lakini alipoonyeshwa msichana yuleyule akiwa amefanywa asivutie, alimkataa zaidi kuliko wao.

Angalia mambo yote mawili. La kwanza, mwili uliochemka huongeza chumvi. Jumamosi saa moja asubuhi, jua likianza kupanda upande wa bahari, moyo ukiwa juu, mtu yeyote unayempenda kidogo utamwona unampenda sana. La pili, ambalo watu hulisahau wanaposimulia majaribio ya aina hii, ni kwamba mbio hazikuumba kitu pasipokuwa na kitu. Zilikuza kilichokuwapo. Kama huyo kaka angekuwa anakukera, miaka miwili ya mbio ingekufanya umchukie, na ungeshahamia kundi la Mwenge.

Basi kipimo chako cha kwanza ni mwili uliopoa. Jumanne saa tisa mchana, umekaa ofisini, faili zimejaa mezani, umechoka, unamfikiria? Na unapomfikiria, unamwona yeye, au unaiona hali yako nzuri ya Jumamosi? Ukipata habari njema kazini, ni wa ngapi kumwambia? Akisafiri wiki tatu, unamkosa yeye au unakosa mtu wa kukimbia naye, ambaye hata dada mwingine wa kundi angeweza kuziba nafasi yake? Maswali haya jiulize kwa siku kadhaa, si mara moja. Kuna watu waliofika hapa wakagundua kwamba wanachokipenda ni kupendwa na kundi, kujisikia wepesi na wenye afya, na kwamba yule kaka alikuwa sehemu tu ya hiyo furaha. Hakuna ubaya wowote. Ni vizuri kujua kabla ya kusema.

Kipimo cha pili ni kumtoa huyo kaka barabarani. Ninalisisitiza hili kuliko yote niliyoandika. Starehe mnayoifanya pamoja inakuonyesha uso mmoja wa mtu, na mara nyingi ndio uso wake bora. Kwenye mbio amejichagulia kuwapo. Hana njaa, hana bosi, hadaiwi na mtu kwa saa hizo mbili. Unajua kwamba ni mvumilivu, anawahi, hakuachi nyuma. Hizo ni tabia za kweli, usizidharau. Goti lako lilipouma hakuna aliyemtazama ili asifiwe, na bado aliacha kundi likaenda. Lakini hujui anavyokuwa mshahara ukichelewa. Hujui anavyosema na mama yake. Hujui anachofanya akikasirika, kwa sababu barabarani mnakubaliana karibu kila kitu: njia ni ileile, mwendo ni uleule, mwisho mnaujua.

Niliwahi kukaa na wanandoa waliokutana kwenye kwaya. Mume sauti ya tatu, mke sauti ya kwanza. Walipokuwa wakiimba, kanisa zima lilikuwa linaona watu hawa wameumbwa wawe pamoja, na wao wenyewe waliamini hivyo. Walioana ndani ya mwaka mmoja tangu waanze uchumba, na karibu kila walipokutana katika uchumba huo ilikuwa ni mazoezi ya kwaya, au safari ya kwaya, au kikao cha kwaya. Baada ya ndoa ndipo mke akajua kwamba mume anawatumia ndugu zake nusu ya mshahara kila mwezi na haoni haja ya kumwambia, na mume akajua kwamba mke akiudhika hanyanyui mdomo siku tatu. Hakuna kati ya hayo linaloonekana kwenye mazoezi ya nyimbo. Hawakuachana, tulifanya kazi ndefu wakafika pazuri. Lakini yote yale wangeweza kuyaona kabla, laiti wangetoka nje ya kwaya.

Kwa hiyo, kabla ya Moshi, tafuta nafasi za kawaida kabisa. Si chakula cha usiku chenye mishumaa, maana huo nao ni uso mwingine uliopambwa. Mwombe akusindikize Kariakoo kununua raba, Jumamosi mchana, joto na msongamano ule, muone bei inavyowapanda kichwani. Pandeni daladala pamoja foleni ikiwa imekaza. Akikualika kwao kumsalimia mama yake anayemlea mtoto, nenda, na ukiwa pale mtazame anapoongea na huyo mtoto wa miaka 6, hasa mtoto akisumbua. Sikiliza anavyomzungumzia mama wa mtoto. Mwanaume anayemtukana mzazi mwenzake mbele yako anakuonyesha namna atakavyokuzungumzia wewe siku mkikorofishana. Na muulize wazi hali yake ya sasa: waliachana vipi, kuna ndoa ambayo haijavunjwa kisheria au kidini, kuna mtu mwingine? Rafiki anaruhusiwa kuuliza hayo. Miaka miwili inakupa haki hiyo.

Utaona pia jinsi naye anavyoipokea hatua hiyo. Mtu anayekutaka kwa mbio tu atakuwa na udhuru kila ukimwita mchana. Anayekutaka wewe atakuja Kariakoo na kubeba mfuko.

Tufike kwenye kunyamaza kwake, maana naona ndiko kunakokuumiza. Umeandika kwa ufupi, "yeye hajasema kitu", na nikasoma hapo kwamba umekwisha kuhitimisha: hajasema kwa kuwa hataki. Mwaka 1996 Jacquie Vorauer na Rebecca Ratner walichapisha uchunguzi kuhusu watu wawili wanaovutiwa, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Walipoulizwa kwa nini wao wenyewe hawakuanza, watu walijibu kwamba waliogopa kukataliwa. Walipoulizwa kwa nini mwenzao hakuanza, walijibu kwamba hakuvutiwa. Kimya ni kilekile, ila chako unakiita hofu na chake unakiita kutojali. Sasa mfikirie yeye. Ni baba wa mtoto, aliwahi kuachana na mtu, na kundi zima la WhatsApp linamtazama. Anaweza kuwa na hofu kuliko wewe. Anaweza pia kuwa anaiheshimu nafasi yako: dada amekuja kufanya mazoezi, kumtongoza itakuwa kumharibia sehemu anayojisikia salama. Wanaume wanaofikiri hivyo wapo, na mimi huwa nawaheshimu sana.

Je, mwanamke aanze? Nimeulizwa hili na Waislamu na Wakristo, mabinti na akina mama waliofiwa na waume zao, na kila mara nawakumbusha kwamba dini zetu zenyewe zimetutangulia. Bi Khadija alimwajiri Muhammad kusimamia mali yake kwenye msafara wa biashara wa Sham. Akamjua kwa kazi, akauona uaminifu wake katika fedha na maneno, kisha yeye ndiye aliyemtuma rafiki yake Nafisa kwenda kumdodosa kuhusu ndoa. Na katika Biblia, Ruthu aliokota masazo kwenye mashamba ya Boazi mavuno ya shayiri na ya ngano yote yakapita, wakajuana kwa jasho la kazi, kisha kwa ushauri wa mama mkwe wake akaenda mwenyewe hadi uwanja wa kupuria. Hakuna anayeyasoma hayo akamwita mmoja wao hana haya. Wote wawili walifanya kwa staha na kwa uwazi, na wote wawili walikuwa wamemjua mtu kwa muda kabla.

Kama kusema mwenyewe kunakushinda, njia ya Bi Khadija ipo: mtu wa kati. Lakini mchague vizuri. Asiwe mmoja wa hao wanaowatania kundini. Utani wa kundi umekwisha kuwatia aibu nyote wawili, na ujumbe ukipita humo utageuka kichekesho kabla haujamfikia. Mtafute mtu mzima anayewajua wote na anayejua kufunga mdomo. Pengine yule mama mwalimu wenu wa mazoezi, kama mnaye. Hata hivyo, mimi ningependa useme mwenyewe. Mna miaka miwili ya kuzungumza bila mtu wa kati, na akiletewa jambo hili kwa mdomo wa mwingine anaweza kujiuliza kwa nini rafiki yake hakumwamini.

Namna ya kusema. Isiwe barabarani, kwa sababu nimekwisha kukueleza habari za moyo unaodunda. Msifanye siku ya Moshi pale uwanja wa Ushirika, medali shingoni, machozi yakiwa karibu na picha zinapigwa. Mtu akisema ndiyo saa ile, hata yeye mwenyewe hatajua amesema kwa sababu gani. Na usiandike kwa WhatsApp saa sita usiku, halafu ukeshe ukitazama tiki mbili za bluu. Chagua siku ya kawaida, mchana au jioni, mahali tulivu penye watu wachache, mkiwa mmekula na hakuna anayekimbilia pengine. Sema kwa maneno machache. Wewe utayatengeneza yawe yako, lakini yaelekee huku: "Nina jambo nataka kukwambia, na sihitaji jibu leo. Nilikuja kundini kwa ajili ya mazoezi, nikapata rafiki. Miezi hii nimeona moyo wangu umepita urafiki. Nimeona nikwambie kuliko kukuficha. Ukiona na wewe uko huko, tuzungumze tutakwendaje. Ukiona hauko huko, niambie wazi, na urafiki wetu nitauheshimu." Kisha unyamaze. Usijaze kimya kwa kucheka wala kwa kusema "nilikuwa natania". Watu wengi huharibu hapo: wamesema kweli vizuri, halafu kwa woga wanaifuta wenyewe kabla mwenzao hajapumua.

Ile sehemu ya "sihitaji jibu leo" iwe ya kweli. Wewe umekaa na hili miezi. Mpe naye wiki. Ila wiki zisigeuke miezi. Akikwambia "tuone tu itakavyokuwa" huku mambo yakiendelea vilevile, mchukulie amekataa, hata kama anaendelea kukutumia ujumbe wa sauti kila usiku.

Akikataa je? Utaumia. Kuumia huko kuna mwisho, kuliko kukaa mwaka mwingine ukipima kila neno lake. Jumamosi mbili tatu kimbia na kundi lingine au peke yako, kisha rudi kwenye kundi lako, kwa sababu ni lako pia. Ulijiunga kwa miguu yako kabla hujamjua. Badilisha mwendo, kimbia na akina dada wa mbele au wa nyuma, mpaka mtakapoweza kusimama tena sambamba bila uzito. Wale watafiti wa Kanada hawakuchunguza waliokataliwa, lakini mimi nimewaona: urafiki unaovunjika kwa kusema kweli kwa heshima ni mchache kuliko tunavyoogopa. Unaovunjika zaidi ni ule ambao mmoja alificha, akaanza kuwa na wivu asioweza kuueleza, mwenzake akachoka na hasira asizojua zinatoka wapi.

Na jibu la kwanza wakati mwingine si jibu la mwisho, ingawa hili nalisema kwa tahadhari. Wanasayansi Pierre Curie na Maria Skłodowska walikutana Paris mwaka 1894, wakasogezwa karibu na sayansi. Pierre alipomwomba ndoa, Maria hakukubali. Alitaka kurudi Poland kwa familia yake na kuitumikia nchi yake, na majira hayo ya joto akarudi kweli. Pierre alimwandikia barua, na katika mojawapo alimkumbusha kwamba wameahidiana angalau urafiki mkubwa. Maria akarejea Paris kuendelea na masomo, na tarehe 26 Julai 1895 wakaoana, wakanunua baiskeli mbili kwa fedha ya zawadi ya harusi, na fungate yao ikawa kuzunguka Ufaransa kwa baiskeli. Ninachokipenda hapo ni kwamba Pierre alipokataliwa hakuufanya urafiki kuwa mtego. Aliupokea kama jambo lenye thamani yake. Kwa hiyo usiahidi urafiki huku ukisubiri kimoyomoyo abadilike. Kama huwezi kuwa rafiki bila kusubiri, jitenge kwa muda, na hilo halina aibu.

Akikubali, nitafurahi nawe, na bado nitakuwa na maneno. Endeleeni na mbio, ila msizifanye ndiyo nguzo pekee. Goti linaweza kukataa kabisa, ujauzito utakuja, kazi itamhamisha mmoja Dodoma. Arthur Aron na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba wenzi waliofanya pamoja jambo jipya na la kusisimua, katika jaribio moja kutambaa kwenye magodoro wakiwa wamefungwa pamoja mkono na mguu, walijisikia vizuri zaidi kuhusu uhusiano wao kuliko waliofanya jambo la kawaida. Kilichosaidia ni upya na msisimko. Njia ya Coco Beach mliyoipita miaka miwili si mpya tena. Jifunzeni kuogelea, limeni mboga, nendeni Milima ya Pugu kutembea. Na kila mmoja abaki na siku yake ya kukimbia peke yake au na wenzake.

Kuhusu goti, lipeleke hospitali mapema na usimsubiri yeye wala mapenzi. Nusu marathoni ya Moshi inapanda kuelekea Mweka kisha inarudi, na mteremko ndio unaolitesa goti kuliko mlima wenyewe.

Mwisho ni mpangilio wa nani ajue lini. Mkikubaliana, kundi lisiwe la kwanza. Wa kwanza ni mama yake, kwa kuwa ndiye anayemlea mtoto na ndiye atakayeulizwa maswali na mtoto mwenyewe. Mtoto akujue kwanza kama rafiki wa baba anayekimbia naye, akuzoee katika ziara fupi, na asiambiwe habari za mama mpya hadi familia zenu zimekaa na kukubaliana. Wazazi wako wafuate, na barua ya posa ije kwa njia ya kawaida, na mshenga wake, hata kama wewe ndiye uliyefungua mazungumzo. Hayo mawili hayapingani kabisa. Kundini semeni wenyewe, kwa sentensi moja, Jumamosi baada ya kunyoosha viungo, kisha mwombeni kiongozi wa kundi utani ukome, kwa sababu wapo wadada wengine humo wanaotaka kukimbia na kaka fulani kwa amani bila kuulizwa harusi lini.